Siku Ukuta Aliposhindana na Hamira

Wenzake maabarani walimwita Ukuta. Mgeni akilisikia jina hilo alidhani limetokana na umbo, maana alikuwa mwanamke mrefu ambaye mabega yake yalijaza koti jeupe bila kuacha nafasi, lakini jina lilitokana na kazi. Profesa wao, mama mfupi aliyetundika miwani shingoni kwa kamba, alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kushika majina ya watu. Mwanafunzi akijiunga na kundi lake alipewa sehemu ya bakteria ya kuchunguza, na sehemu hiyo ikawa ndiyo jina lake mpaka siku ya kuhitimu.

Kundi zima lilishughulika na jambo moja tu, nalo ni mavazi ya bakteria. Ukuta alipowaeleza ndugu zake kazi yake alisema hivi: kijidudu hiki ni kidogo kiasi kwamba ukoo mzima unaenea kwenye ncha ya sindano na bado pakabaki nafasi ya wageni, lakini hakitembei uchi. Ndani kabisa kimevaa shumizi nyepesi, na huo ni utando. Juu ya shumizi kimejifunga mshipi mpana, mgumu, unaokibana kisivimbe kikapasuka, na huo ndio ukuta. Juu ya mshipi kimejitupia koti la mafuta, na hilo ni ganda. Shumizi ilikuwa kazi ya Utando, mama wa mapacha, mcheshi, mtu aliyezijua habari za jengo zima kabla wenyewe hawajazijua. Koti lilikuwa kazi ya Ganda, kijana mpole na mtanashati ambaye hata glovu za maabara alizivaa kana kwamba anakwenda kusimamia harusi. Mshipi ulikuwa wa Ukuta.

Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya wasichana. Siku moja alichora bakteria ubaoni, akageuka kuandika kitu pembeni, na mkono wa blauzi yake ukaufuta ule mstari mnene wa ukuta. Msichana wa dawati la mbele akauliza kama kijidudu hicho sasa kimekufa. Mwalimu akajibu bila kusita kwamba ndiyo, kimekufa, akaendelea na somo. Ila jibu lile halikumtoka moyoni. Alianza kusoma, na kusoma kukamtia kiwewe, kwa sababu aligundua kwamba alimdanganya mtoto wa watu: wapo bakteria ambao watafiti wa huko na huko walishawavua ukuta, na wakaishi. Wanaishije? Wanazaaje? Alizungumza habari hiyo jikoni, kanisani, sokoni, mpaka baba yake, aliyekuwa karani wa posta siku za kazi na mwamuzi wa mpira wa miguu mwisho wa wiki, akamwambia kwamba mtu hawezi kucheza vizuri huku anatazama uwanja mwingine. Akaacha shule, akaenda chuo kikuu.

Bakteria wake mwenyewe, aliowatoa kwenye udongo, walikuwa wakaidi. Aliwapa dawa inayoharibu ukuta, akawalaza kwenye maji mazito ya sukari ili wasivimbe, akawatunza kwenye joto la wastani, akawabembeleza. Wao walikuwa na majibu mawili tu. Ama walijikaza na dawa isiwafanye kitu, ama walipasuka wote kwa pamoja na kumwachia uji. Alibadilisha sukari, akabadilisha chumvi, akabadilisha dawa, akabadilisha hata kiti anachokalia. Utando alimshauri abadilishe sauti, kwa kuwa huenda nyimbo zake ndizo zilizokuwa zikiwapasua.

Siku habari hii ilipotokea, Ukuta aliingia maabarani asubuhi akiwa na haraka. Baba yake alikuwa mjini kwa ajili ya kupimwa macho, na alikuwa amemwahidi kwamba akitoka kliniki atampitia chuoni, aone mwanawe anafanya nini na umri wake wote huu. Alitaka kupanga meza kwanza. Kwa desturi tu akachukua tone kutoka kwenye chupa iliyokaa siku kadhaa bila dalili yoyote, akaliweka kwenye kioo, akainamia hadubini.

Akaona viputo. Si vijiti vinyoofu kama bakteria wake walivyokuwa siku zote, bali viduara laini, vinavyotetemeka kama povu la sabuni. Kimoja kilirefuka polepole, kikatoa mkono, ule mkono ukavimba kwenye ncha, ukakatika, na pale palipokuwa na kimoja pakawa na vitatu, visivyolingana hata kidogo, kama mtu aliyekata mkate akiwa amefumba macho. Ukuta aliinua kichwa, akatazama ukuta halisi wa chumba, akainama tena. Bado vilikuwepo. Kingine nacho kikaanza kunyoosha mkono.

Kicheko kilimtoka kabla hajakiruhusu. Alicheka peke yake katika chumba kizima, akajiziba mdomo, kikatokea puani. Kisha akatoka mbio kwenye ukumbi, kiatu kimoja kikamtoka mlangoni na hakurudi kukiokota, akapita ofisi ya karani, akapita mashine za kutikisa chupa, mpaka kwenye chumba cha baridi alikojua Ganda yupo.

Hapa lazima ielezwe kwamba Ukuta na Ganda walikuwa wakipendana, na kwamba jambo hilo lilikuwa siri kubwa. Miaka ya nyuma wapenzi wawili wa kundi hilo waligombana mbele ya mashine ya bei mbaya, mmoja akaufunga mfuniko wake kwa hasira, na mashine haikupona. Tangu hapo Profesa alitangaza kwamba hataki mapenzi maabarani, yanachafua sampuli. Kwa hiyo mbele za watu hao wawili walisalimiana kama wapangaji wasioelewana. Mpango wao ulikuwa kwamba Jumamosi inayokuja Ganda aende nyumbani kwa mzee, avae vizuri, azungumze kwa utaratibu, na baada ya hapo ndipo wamkabili Profesa. Utando peke yake ndiye aliyeambiwa, na hiyo ni kwa sababu alikuwa ameshajua. Alimfanyisha Ganda mazoezi ya maneno ya posa, yeye akijifanya baba mtu kwa kujibandika ndevu za pamba.

Ganda alikuwa amesimama katikati ya rafu, amevaa koti zito na kofia ya sufu, ameshika kisanduku cha barafu. Ukuta alimrukia. Alimkumbatia kwa nguvu zake zote, kisanduku kikiwa katikati yao, akambusu kwenye kofia, akambusu kwenye shavu, huku akicheka na kutoa moshi mdomoni kwa baridi. Ganda naye, bila kujua kilichotokea, akaanza kucheka, kwa kuwa kicheko cha mwanamke huyo kilikuwa cha kuambukiza kuliko bakteria wote waliokuwa kwenye rafu. Ndipo mlango ukafunguka. Profesa alisimama pale, na nyuma ya bega lake alichungulia Utando, macho yametoka kama taa za gari.

Ganda aliganda kweli. Profesa akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akautazama mguu wa Ukuta usio na kiatu.

"Kuna nini?" akauliza.

"Wameishi, Profesa," alisema Ukuta. "Wamevua ukuta na wanaishi. Wanazaa."

Profesa hakusema lolote kuhusu kukumbatiana. Alivaa miwani yake, akaongoza njia. Walimfuata mpaka kwenye hadubini kama vifaranga, akakaa, akatazama kwa muda mrefu sana, akirekebisha hiki na kile. Ukuta alikuwa akiruka kwenye mguu mmoja bila kujitambua. Mwishowe Profesa aliinuka, akavua miwani, akatamka neno moja tu.

"Hamira."

Ukuta aliacha kuruka. Alijua maana yake. Hamira, ile ile ya kuumulia mikate, ni ya duara. Hamira huzaa kwa kuchipua vinundu. Hamira hupenda sukari kuliko mtoto, na ile dawa ya bakteria haiitishi hata kidogo. Chembe moja ikidondoka kutoka hewani, ikaingia kwenye chupa yenye maji matamu, itafanya karamu humo na kumfanya mtafiti mzima akimbie peku ukumbini. Profesa aliyasema hayo kwa upole, karibu kwa huruma, akaongeza kwamba hasemi ni hamira, anasema tu kwamba kila atakayewasikia ulimwenguni atasema ni hamira, na wao lazima wawe na jibu.

Wakajadiliana papo hapo, wote wanne wakisema kwa wakati mmoja. Ganda alikuwa na rangi yake inayong'ang'ania ganda la mafuta la bakteria na kuwaka kijani chini ya taa maalumu. Hamira haina koti la namna hiyo. Halafu kulikuwa na jaribio la mwisho, rahisi kupita yote, nalo ni maji matupu. Bakteria aliyevua ukuta ukimtoa kwenye sukari na kumtia maji safi, atayanywa, atavimba, na atapasuka, kwa kuwa hana cha kumbana. Hamira ina ukuta wake. Itakaa kwenye maji hayo kama mtu anayeoga.

Walikuwa bado wanatayarisha rangi wakati mlinzi wa mlango wa chini alipopiga simu kusema kuna mzee anamtafuta binti yake. Ukuta alikuwa amemsahau kabisa. Ganda alipolisikia neno mzee, aliiweka chupa yake mezani upesi.

"Jumamosi," Ganda alimnong'oneza Utando. "Tulisema Jumamosi."

Utando alimwambia atulie, leo yeye ni mtaalamu wa rangi tu.

Mzee aliingia akiwa amevaa miwani mipya, anakitazama kila kitu kana kwamba kimepakwa rangi asubuhi hiyo. Alikuwa mwembamba, amenyooka, na alikuwa na tabia ya kusimama kidogo pembeni ya watu, sehemu ambayo mtu anaweza kuwaona wote. Walimwamkia kwa zamu. Profesa akamkaribisha, akamwita baba yetu, akamtafutia koti jeupe. Lililopatikana lilikuwa la Utando, likamfika mapajani, naye akalifunga vifungo vyote kwa heshima, akakalishwa kwenye stuli mbele ya skrini iliyounganishwa na hadubini.

"Mama," alimwambia binti yake, kwa kuwa alimpa jina la mama yake mzazi na hakuwahi kumwita vingine, "kiatu chako kiko wapi?"

Ukuta alisema atamweleza. Akamweleza hayo mengine kwanza: nani anashindana na nani, bakteria upande huu, hamira upande ule, na kwamba wakiwa hamira yeye amepoteza miezi. Mzee alisikiliza, akauliza kama sheria zimekubaliwa na pande zote. Profesa alisema zimekubaliwa. Mzee akasema basi waanze.

Wakazima taa ya juu. Ganda akadondosha rangi yake. Skrini ilibaki nyeusi. Kisha polepole, kama macho yanavyozoea giza, kikatokea kiduara cha kijani, kikatokea cha pili, na ghafla skrini nzima ikajaa viputo vinavyong'aa, vinavyotikisika. Mzee akasema ni vizuri. Utando alimpiga Ganda kofi la mgongoni. Ukuta akamgeukia Profesa, na Profesa akatikisa kichwa: rangi nzuri, lakini rangi hushika hata uchafu. Maji.

Utando ndiye aliyepewa maji, kwa kuwa mikono yake pekee ilikuwa imetulia. Alilidondosha tone pembeni ya kioo, na wote wakakaribiana mbele ya skrini, vichwa vimegusana, hata kile cha Profesa. Hakuna kilichotokea. Viputo viliendelea kuelea kwa raha zao. Vilionekana vimestarehe mno. Vilionekana, kwa kweli, kama hamira inayooga. Ganda aliutafuta mkono wa Ukuta gizani, akaushika, glovu kwa glovu.

Halafu kile cha kona ya kushoto kikavimba. Kikavimba kidogo tena, na paa, hakipo. Palibaki moshi hafifu wa kijani. Cha jirani yake kikafuata. Kisha viwili kwa pamoja, kisha kundi zima la katikati, vikipasuka kimoja baada ya kingine kama mahindi kwenye kikaango, mpaka skrini ikabaki tupu.

Kelele zilizofuata hazielezeki. Ukuta alipiga yowe, Utando aliwasha taa akapiga vigelegele, Ganda alikuwa akisema asante, asante, haijulikani kwa nani. Profesa, mtu wa miwani na kamba, alikishika kiti cha maabara chenye magurudumu na kukizungusha kana kwamba ni mtu anayecheza naye. Mzee peke yake ndiye aliyesikitika.

"Mbona wamekufa wote," alisema, "na nyinyi mnashangilia?"

"Ndivyo ilivyotakiwa, Baba. Hamira isingekufa. Wamekufa kwa sababu hawana ukuta, na kama hawana ukuta, basi kweli walikuwa wanaishi bila ukuta."

"Kwa hiyo wakifa umeshinda?"

"Nimeshinda, Baba. Na kwenye chupa wamebaki wengine wengi, wazima kabisa."

Mzee alilipima neno hilo. Kisha akasimama, akajinyoosha ndani ya koti lake fupi, na kwa uzito wote wa miaka yake ya uwanjani akaunyoosha mkono kuelekea katikati ya chumba, kama afanyavyo mwamuzi bao likikubaliwa.

Hapo Ukuta alimwangukia mabegani kwa mkono mmoja akicheka mpaka machozi yakamwagika kwenye miwani mipya. Vigelegele vya Utando vilikuwa vimevuka ukumbi, na watu wa idara ya mimea wakaja kuchungulia mlangoni, mmoja wao akauliza kama kuna harusi.

"Bado kidogo," alijibu Utando, bila kufikiri.

Utando akajiziba mdomo. Mzee akageuza kichwa polepole, akamtazama Utando, akaitazama ile mikono miwili ambayo ilikuwa imesahau kuachana tangu gizani, glovu kwa glovu. Ganda alijua kwamba ni sasa au hakuna. Yale maneno yote aliyoyafanyia mazoezi mbele ya ndevu za pamba yakamtoroka, na yaliyobaki yakatoka kwa mkupuo mmoja: kwamba yeye ndiye Ganda, anasoma ganda, anampenda binti yake, alikuwa aje Jumamosi, anaomba radhi, anaomba amuoe.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umeanza kabla sijawa tayari, kijana," alisema. "Rudia. Na vua glovu."

Ganda akazivua. Moja ilinasa kwenye vidole, Ukuta akamsaidia kuivuta, ikachomoka na kumgonga Profesa kifuani. Akarudia, safari hii polepole, maneno yakifuatana. Mzee akamgeukia binti yake.

"Na wewe, mama, unasemaje?"

Ukuta alikuwa amesema bila kupumua tangu asubuhi. Alikubali kwa kichwa, kicheko kikambana, kikageuka kwikwi, na kila alipojaribu kusema ndiyo, kwikwi ilimkatiza katikati.

Mzee alisema amesikia, lakini leo hajibu. Jumamosi kijana aje kama alivyopanga, mambo ya watu yana utaratibu wake. Alisema hivyo akiwa amekunja uso, ila mdomo wake ulikuwa ukimsaliti pembeni, na alipodhani hakuna anayemwona alimpa Ganda mkono.

Ukuta alimgeukia Profesa ili aombe msamaha kwa ajili ya ile sheria. Profesa alikuwa akiifuta miwani yake. Alisema alijua tangu mwaka jana, siku alipomwona Ganda akiosha chupa za Ukuta. Katika miaka yake yote ya kazi hajapata kuona mtu akiosha chupa za mwenzake bila kuombwa, isipokuwa ana homa au anapenda, na kijana hakuwa na homa. Sheria, alisema, ni ya watu wanaofunga mifuniko kwa hasira. Kisha akamwambia akatafute kiatu chake, maana kuna kazi.

Na kazi ilikuwepo. Mwezi uliofuata Ukuta aliviondolea viputo vyake ile dawa, na vingine vikaujenga ukuta upya na kurudi kuwa vijiti, jambo lililomtia wazimu mwingine. Makala yao ilipopelekwa kwenye jarida, mhakiki wa kwanza aliuliza kama hawakuwa wameona hamira, na wa pili akauliza hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi. Utando aliibandika barua ya wahakiki hao kwenye mlango wa jokofu. Walijibu kwa picha za kijani na video ya maji, na baada ya mabishano marefu makala ikachapishwa.

Ama Jumamosi ile, Ganda alifika nyumbani kwa mzee amevaa suti, viatu vinang'aa, maneno yote yamekaa sawa kichwani. Hakufika hata katikati. Mzee alimkatiza, akasema amekubali tangu juzi, akamwambia akae, kisha akaomba simu ya binti yake, iliyokuwa na video ya jaribio la maji. Alasiri nzima alikuwa akiwaonyesha majirani ile video, mmoja baada ya mwingine, akiwaeleza nani ni nani na kwa nini kupasuka ni ushindi. Jirani wa mwisho, bibi mmoja asiyesikia vizuri, aliyeambiwa kwamba kuna habari za posa, aliikaribia skrini, akavitazama vile viputo vya kijani vikitikisika, akauliza bwana harusi ni yupi. Ukuta na Ganda walicheka mpaka wakakaa chini, na mzee, bila kucheka, akamwonyesha kimoja.